Maneno ya Daktari Marefu, Yangu Mafupi

Wengi wetu tumeshaitwa na ndugu tukawe wakalimani: benki, shuleni, hospitali. Si unajua, ukiwa chuo basi unajua kila kitu! Yangu yalinikuta Houston.

Shangazi yangu wa Fort Worth ana binti wa miaka mitatu aliyezaliwa na tundu kwenye moyo, na njia ya damu kwenda mapafuni imebana. Akilia sana midomo inageuka bluu. Tulipopata tarehe ya upasuaji tukashika barabara ya I-45. Mpaka tunalipita lile sanamu jeupe la Sam Houston pale Huntsville, shangazi kimya.

Hospitalini mkalimani alikuwepo kwenye simu, lakini shangazi akasema anamtaka mwanawe, yaani mimi. Daktari wa nusukaputi akaeleza kwa kirefu. Nikamgeukia shangazi: "Watamvalisha kinyago, atavuta gesi, atalala. Hakuna shida."

"Gesi? Hii ya kupikia?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Baba, maneno yake marefu, yako mafupi. Mengine umeyaweka wapi?"

Jamani, niliona aibu. Nyumbani kuna mtoto wa jirani aliyelazwa kwa upasuaji asiamke. Niliogopa shangazi akisikia neno "hatari" atambeba mtoto turudi. Nikamwomba daktari aanze upya.

Safari hii nilitafsiri yote. Kwamba kwa mtoto huyu damu nyingine inavuka tundu bila kupita mapafuni, kwa hiyo gesi inaweza kuchelewa kumlaza. Kwamba gesi ikizidi, presha inashuka, damu isiyo na oksijeni inavuka kwa wingi, na mtoto anazidi kuwa bluu. Kwamba hata kiputo cha hewa kwenye mpira wa dripu kinaweza kuvuka tundu hilo kikafika kwenye ubongo. Ndiyo maana wanakaa naye muda wote, wakipima kila kitu.

Shangazi akauliza: "Ni dawa ile ile ya nyumbani?"

Swali zuri. Kwetu kwa miaka mingi imetumika sana halotheni. Ilikuwa ya bei nafuu, na mara nyingi ndiyo iliyokuwepo, lakini inalegeza msuli wa moyo. Huyu angepewa sevoflureni. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2001 madaktari wa Texas Children's Hospital, huko huko Houston, walichapisha utafiti wa watoto 54 wenye kasoro za moyo. Halotheni ilishusha presha na nguvu ya moyo kusukuma damu. Kwa sevoflureni moyo uliendelea kusukuma vizuri zaidi.

Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akachukua kalamu. "Sasa najua ninachokiogopa," akasema, akasaini.

Kesho yake mtoto alifungua macho. Midomo haikuwa bluu tena.

Ndugu zangu, ukiitwa kutafsiri usipunguze maneno kwa huruma. Mwenye mtoto ndiye anayesaini, basi ayasikie yote. Na kama hospitali ina mkalimani aliyesomea kazi hiyo, mwache aifanye. Wewe kaa pembeni umshike shangazi mkono.