Umeme Usiochoma

Umeme wa kwanza nilioujua maishani ulikaa ndani ya kurunzi ya baba. Kwetu ni Kataboi, katika ukingo wa magharibi wa Ziwa Turkana, kaskazini ya Kalokol. Baba alikuwa mvuvi. Alikwenda ziwani usiku juu ya chelezo cha magogo ya mikoma, na kurunzi ile aliitunza kama mtu atunzavyo jicho lake. Siku moja, alipolala mchana, niliifungua. Nilitoa betri, nikavuta utepe wa bati, nikaitazama balbu kwa muda mrefu. Nilipovirudisha vitu vyote mahali pake, haikuwaka. Viboko nilivyochapwa sivikumbuki sana. Nakumbuka kuwa baba hakwenda ziwani usiku ule, na asubuhi hapakuwa na samaki.

Nilipoingia shule ya sekondari nilitumaini kuonyeshwa kosa langu. Maabara ilikuwapo kwa jina. Ndani yake mlikuwa na madawati yaliyovunjika na magunia ya mahindi. Mwalimu wetu wa fizikia, mtu mwema mwenye bidii, alichora betri kwa chaki, akachora balbu, akachora mishale, nasi tukanakili. Kutokana na mishale ile nilijifunza jambo la uongo, nikaliamini kwa miaka: ya kwamba umeme hutoka katika betri ukiwa mwingi, balbu huula, na unaosalia hurudi ukiwa mchache. Balbu zikiwa mbili katika njia moja, ya kwanza hushiba na ya pili hulala njaa. Kwa mtoto wa nchi ya ukame hesabu hiyo haikuwa na ajabu yoyote.

Katika mtihani wa taifa, karatasi ya vitendo, ndipo nilipowekewa nyaya na balbu za kweli kwa mara ya kwanza. Balbu yangu haikuwaka. Niliandika tarakimu za kubuni, jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka leo.

Hata hivyo nilikuja kuwa mwalimu, na uongo wangu nikauchukua mpaka chuoni. Ulivunjwa na kitu nilichokidhania mchezo, kumbe ni matunda ya utafiti. Carl Wieman, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani, alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2001, na mwaka 2002 alianzisha PhET, kazi ya kutengeneza miigo ya sayansi kwa kompyuta. Mwigo wa namna hii ni kitu cha kweli kilichofanyizwa upya kwa hesabu: programu hukokotoa sheria za maumbile na kuonyesha matokeo yake katika kioo. Kwa miigo ya jinsi hiyo hiyo marubani hufunzwa kabla ya kukabidhiwa ndege. Watafiti wa PhET wana desturi iliyonipendeza sana. Humketisha mwanafunzi mbele ya mwigo ambao haujakamilika, humwomba aseme kwa sauti kila analowaza, nao husikiliza na kuandika. Akipotea, hawamsahihishi yeye, husahihisha chombo.

Katika mwigo wa umeme, elektroni huonekana kama vitufe vidogo vya buluu. Kabla ya kufunga swichi vimekwisha kujaa katika waya wote, vimetulia. Ukiifunga, vyote huondoka pamoja. Nilivitazama kabla ya balbu na baada ya balbu: mwendo ni ule ule. Balbu haili elektroni hata moja. Inachotwaa ni nishati. Balbu mbili zilizo sawa katika njia moja huwaka sawasawa, zote kwa unyonge. Nilikuwa mtu mzima mwenye cheti, nikaona haya peke yangu chumbani.

Mwaka 2005 watafiti wa chuo hicho walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wanafunzi waliotumia mwigo huo na wenzao waliotumia vifaa halisi. Waliotumia mwigo walielewa zaidi, na hata walipopewa nyaya za kweli waliziunga na kuzieleza vizuri zaidi. Nilifurahi, pengine kupita kiasi. Miigo hiyo hutolewa bure, na huweza kutumiwa pasipo intaneti. Kwa hiyo nilirudi Turkana na kompyuta moja na betri ya sola. Sikuwa wa kwanza. Katika kambi ya Kakuma wanafunzi walikwisha kutumia Kolibri, programu iliyochipuka kutokana na kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego, ambayo hubeba masomo, na miigo ya PhET pia, mpaka pasipo mtandao.

Wanafunzi 40 waliizunguka kompyuta yangu. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliunga ncha mbili za betri kwa waya mtupu, na betri ikashika moto katika kioo. Darasa likapiga kelele. Akakigusa kioo, akanigeukia.

"Mwalimu, mbona moto huu hauchomi?"

Nilicheka pamoja na wengine, nikaendelea na somo.

Muhula uliofuata nilinunua nyaya, balbu na betri chache Lodwar. Msichana yule, aliyewashinda wote katika mwigo, aliunga mzunguko wake bila kosa, na balbu haikuwaka. Alitazama meza, akatazama kompyuta, akasema ameunga sawa. Ni kweli, alikuwa ameunga sawa. Kisha akaketi, mikono mapajani, asijue la kufanya. Katika kioo waya uliogusana umegusana. Hauna kutu wala mchanga wa Kataboi. Wanafunzi wa Colorado walikuja kwenye mwigo wakiwa wamekua na swichi ukutani. Wangu walitoka katika mwigo wakiwa hawajashika waya. Nilijiona mimi mwenyewe katika chumba cha mtihani.

Nikampa msumari. Alikwaruza ncha za waya na za betri mpaka zikang'aa, akaunga tena, na balbu ikawaka. Wenzake walishangilia, lakini yeye hakuwa amemaliza. Pasipo ruhusa yangu alitoa balbu, akaunga waya mtupu kutoka ncha hadi ncha, akaushika, akauachia upesi na kutia kidole kinywani.

"Huu unachoma," alisema, akafungua daftari.