Meza Ifuate Mwanga

Ukitoka Kitale kwenda Bungoma kupitia Kiminini na Kamukuywa, unateremka kama mita 500. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma takriban 1,400. Tofauti hiyo huwezi kuipuuza ukiwa mtu wa kuketi nyumbani kuandika. Nimeifanya kazi hiyo katika miji yote miwili, na nimejifunza kuuliza habari za jua kabla ya kuuliza bei ya kiti.

Asubuhi za Julai kule Kitale, vidole hukakamaa kwa baridi. Meza yangu ilikaa kwenye dirisha la mashariki, jua la mapema likanipasha moto. Bungoma, mpango huo haufai. Kufikia saa nane mchana, chumba cha mabati kisicho na silingi hakikaliki, na ukuta wa magharibi huwaka hadi jioni. Hapa karibu na ikweta, dirisha la kaskazini au kusini lenye upenu mzuri huleta mwanga mwaka mzima bila miali ya kuchoma macho. Ndilo nililolichagua.

Meza nilichongewa na fundi wa Kanduyi. Alinipima nikiwa nimeketi, kama mshonaji anavyompima mteja: nyayo zote sakafuni, viwiko vimekunjwa usawa wa ubao. Mgongo wangu unamshukuru hadi leo. Kompyuta nimeiinua kwa vitabu vizito ili shingo isiiname.

Kuna jambo ambalo fundi hawezi kulirekebisha: mvua. Radi ikishaanza kunguruma upande wa Mlima Elgon alasiri, mabati hupiga kelele hata simu isisikike, na mara nyingi stima hupotea. Kwa hiyo mikutano naiweka asubuhi, na alasiri nasoma. Naona ni mpango wa haki. Hali ya hewa ya kwetu ina saa zake, nasi tunaweza kuzifuata bila kinyongo.

Mtu ninayemfikiria sana nikiwa mezani ni Luteni Kanali Stoneham wa Kitale. Alikusanya wadudu, wanyama na vitabu kwa miaka mingi, na mwaka 1926 akaanzisha jumba la makumbusho la binafsi. Alipofariki mwaka 1966 aliliachia taifa mkusanyo huo pamoja na fedha za kujengea jumba jipya, lililofunguliwa Desemba 1974. Ndilo Jumba la Makumbusho la Kitale. Kilichokuwa cha mtu mmoja kikawa cha wanafunzi wa shule zote za eneo hilo.

Mimi sina hazina ya kiasi hicho, ila nina meza. Jioni naondoka, mpwa wangu anaketi pale kufanya hesabu zake. Nawe unayejenga au kupanga nyumba, usianze kwa kutafuta pa kuweka televisheni. Mtengee kwanza mtoto anayesoma kona yenye dirisha.