Hedifoni Mbili na Neno Moja

Wauzaji wa hedifoni za bei kubwa wana neno wanalolipenda kuliko mengine yote, nalo ni "undani". Kila toleo jipya, kwa madai yao, hufichua undani ambao toleo la jana liliuficha: pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti, ukucha unapogusa uzi wa udi, mtu wa safu ya tatu akijikohoza. Sisi washairi hatuna budi kulitazama neno hilo kwa makini, kwani nasi twalitumia, na aghalabu kwa uvivu uo huo. Undani ni kitu kilichokuwamo katika sauti kikafunuliwa, au ni kitu kilichotiwa na chombo?

(Wataalamu wamependekeza tuseme "vipokea sauti vya masikioni". Jina hilo ni refu kuliko waya wake. Mimi nitasema hedifoni, kama wasemavyo watu madukani.)

Mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kurekodi sauti huko Dubai, alikuja likizo na kuniachia kwa muda jozi mbili, zote za Sennheiser ya Ujerumani: HD 650, iliyotoka mwaka 2003, na HD 800 S ya mwaka 2016. Hii ya pili ilipoingia sokoni iliuzwa kwa kiasi cha dola 1,700, zaidi ya mara tatu ya bei ya mwenziwe. Zote ziko wazi kwa nyuma, kwa hivyo sauti hupumua na jirani husikia unachosikiliza. Zote zataka amplifaya ya kuzisukuma. Nilipomuuliza ipi iliyo bora alinijibu, "Mjomba, usiniulize mimi. Isikilize kwanza ile kanda yako."

Kanda yenyewe ilirekodiwa mwaka 1986 katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa. Ndani yake mna sauti ya bibi mmoja, sasa ni marehemu, akighani tungo zake mwenyewe. Kanda ya asili iliharibiwa na unyevu. Iliyosalia ni nakala ya nakala. Bintiye aliniomba niziandike tungo hizo na kuzifasiri kwa Kiingereza, kwa ajili ya wajukuu walioko Uingereza ambao Kiswahili chao ni cha salamu tu. Jina la ukoo silitaji, na haya nayaandika kwa idhini yake.

Katika ubeti wa tatu, bibi anaeleza siku zake za mwanzo katika nyumba ya mumewe, na hapo lipo neno "waliniteka".

Msomaji wa Unguja anivumilie kidogo. Kwetu Mvita, na kwa ndugu zetu wa Amu, te ni mbili. Iko te ya ufizi, ambayo ulimi hugota nyuma ya meno, kama katika "mtu" na "moto". Na iko te ya meno, ambayo ncha ya ulimi huyagusa meno yenyewe, kama katika "mato" na "kitwa", yaani macho na kichwa. Kuteka kwa te ya ufizi ni kuchota maji, au kuchukua mateka. Kuteka kwa te ya meno ni kucheka. Basi bibi huyu alitekwa, au alichekwa? Alichukuliwa kama ngawira na watu wa mumewe, au walimkalia kitako wakamfanyia kicheko?

Maandishi hayakusaidii hapo. Katika karne ya 19 W. E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890, alijitahidi kuzitenga sauti hizi katika uandishi. Lakini mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na katika tahajia iliyofuata te ikawa moja. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa sauti zenye mpumuo: paa wa mwituni na paa la nyumba huandikwa sawa, kaa wa pwani na kaa la moto vilevile, ingawa mzee wa Mvita hawezi kuvichanganya hata usingizini. Silaumu, lugha ya nchi nyingi lazima iache baadhi ya mizigo bandarini.

Basi nikaketi kusikiliza. Kwa HD 650, bibi yuko karibu, kana kwamba mmekaa jamvi moja. Sauti ina nyama na joto, na unaweza kumsikiliza saa tatu bila kuchoka. Ila te zake zimezama. Husikia kigota tu, kisha irabu. Kwa HD 800 S chumba hupanuka ghafla. Bibi husogea nyuma hatua mbili, dari hupanda juu, na kila konsonanti huwa na ncha. Lakini na mvumo wa kanda nao umekuja mbele, na kila "s" inachoma kama sindano.

Hapa ndipo penye siri ya biashara yote. HD 800 ya awali, iliyotoka mwaka 2009 ikiwa na kiwambo kipana cha milimita 56 chenye umbo la pete, ilijulikana kwa kupandisha sauti za karibu na mitetemo 6,000 kwa sekunde. Toleo la S liliongezewa kizuizi cha kulituliza lile pando, ingawa kwa masikio yangu bado laelekea upande wa wembamba. Na maeneo hayo ndiyo makazi ya "s" na ya mlio wa konsonanti. Ukiyapandisha kidogo, msikilizaji atasema ameona undani mpya, hali hakuna kilichoongezwa ila mwanga ulioelekezwa pembe moja ya chumba. Hali kadhalika sauti ikiwa kubwa kidogo tu, sikio huiona bora na yenye habari zaidi. Mpwa wangu hakukubali tulinganishe chochote kabla ya kuzisawazisha jozi zote mbili kwa kipimo. Nami nawajua wafasiri wafanyao hivyo hivyo kwa kalamu: hupigia mstari kila neno la mtunzi, kisha husifiwa kwa uaminifu.

Santuri za kale hulidhihirisha jambo hili kwa ukali zaidi. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka uo huo wa 1928. Mashine za wakati ule zilinasa kidogo sana kilichopita mitetemo 6,000, na juu ya hapo kilichobaki ni mkwaruzo wa sindano. Hedifoni ya dola 1,700 huufichua mkwaruzo huo kwa ufundi mkubwa. Siti mwenyewe nilimpata kwenye HD 650. Na wasifu wa hizi jozi za fahari hujivunia kufika mitetemo 40,000 na zaidi, wakati sikio la kijana mzima hukomea 20,000, na langu, nimepita hamsini, chini sana ya hapo. Popo wa mwembeni kwetu angefaidi zaidi.

Wala bei si ushahidi. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha uchunguzi wa hedifoni 283 zilizopimwa, na hakuona uhusiano kati ya bei na mwenendo wa sauti katika mitetemo mbalimbali.

Pamoja na hayo yote, ile ya bei kubwa ndiyo iliyotufaa kwa neno letu, ingawa si kwa kusikiliza "waliniteka" peke yake. Te moja iliyo pweke haisemi kitu. Ikipandishwa ncha hugeuka te ya ufizi, ikizamishwa hugeuka ya meno. Tulichofanya ni kuzikusanya te zote za bibi katika kanda nzima, za "mato" na "kitwa" upande mmoja, za "mtu" na "moto" upande wa pili. Mpwa wangu akazikata kwenye kompyuta na kuzipanga kwa ukubwa mmoja wa sauti. Tukazisikiliza moja baada ya moja, usiku kucha, kama wapimao karafuu. Kwa HD 800 S makundi mawili yalitengana waziwazi, na te ya ubeti wa tatu ikaenda kukaa na "mato" na "kitwa", haikusitasita. Walimcheka.

Ubeti wa nne ukafunguka papo hapo. Humo bibi analishukuru komeo la mlango wake kwa kumsitiri anapocheka peke yake. Kwa mwanamke aliyetekwa, kicheko hicho hakina maana. Kwa aliyechekwa, ni jawabu.

Bintiye alipokuja, nilimpa jozi zote mbili. Ile kubwa aliivua upesi. "Hii yanitenga na mama," alisema. Ile ya pili aliivaa mpaka kanda ikaisha. Kisha, kwa hiari yake, akairudia ile kubwa, na mwanzoni mwa ubeti wa tano akainua mkono: "Huyo ni baba." Nyuma ya mlango, chini ya mvumo, kulikuwa na kikohozi cha mara mbili. Mimi nilikuwa nimekisikia mara nyingi na kukihesabu miongoni mwa kelele za kanda.

Nikamweleza habari ya te. Alinyamaza kitambo. Waliomcheka mama yake wameacha watoto, na watoto hao wangali majirani zake, kichochoro cha pili. Wanazikana na kuozana. "Kutekwa ni habari ya zamani, kaka," aliniambia. "Kuchekwa ni habari ya jana." Tuliafikiana hivi: kwa Kiswahili neno liandikwe kwa tahajia ya kawaida, bila alama yoyote juu ya te, na kila msomaji alisome kwa ulimi wake. Kwa Kiingereza nimeandika kwamba alichekwa, kwani hao wajukuu ndio waliotakiwa kujua.

Hedifoni zimerudi Dubai. Umebaki ubeti wa saba, ambapo utepe ulikunjika na maneno matatu yakaliwa. Jozi zote mbili zilitupa mkunjo ule ule, mmoja kwa upole na mwingine kwa ncha. Hapo nimeacha nafasi tupu ya upana wa maneno matatu.