Promota Mpole

Miaka ile Brussels haikukosa maonyesho ya wanamuziki wa Kinshasa wikiendi, kabla Wakongo wenzetu wenye hasira na siasa za nyumbani hawajaanza kuyazuia. Mimi nilikuwa mbeba spika. Mtu wa Bukavu, mgeni mjini, hachagui kazi.

Bosi wangu wa kwanza, mpiga solo, alikuwa na mdomo mchafu. Mazoezi yalifanyika chini ya ardhi, karibu na Chaussée de Wavre. Mpiga besi akikosea, alitukanwa yeye na ukoo wake. Lakini onyesho likiisha, bosi aligeuza boksi la spika kuwa meza akahesabu euro mbele ya wote: wanenguaji kwanza, kisha sisi wabebaji, kisha wapigaji, yeye mwisho. Usiku mmoja wa Februari watu walikuwa wachache na noti zikaisha kabla ya kumfikia. Akasonya, akavaa koti, akauliza nani anakaa mbali, maana tramu zilikuwa hazijaanza.

Wapigaji waliotelekezwa na bendi nyingine aliwachukua. Wazee wa Matonge, mtaa wa Wakongo mjini Brussels, walisema ana tabia ya zamani. Walimkumbuka mwanamuziki Kabasele, aliyekuja Januari 1960 wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara kuhusu uhuru wa Kongo, akiwa na watu wa bendi yake ya African Jazz pamoja na Vicky Longomba na Brazos wa OK Jazz, bendi pinzani. Wimbo wa Indépendance Cha Cha ulizaliwa katika safari hiyo. Sidhani walikuwa malaika, ila jukwaa waligawana.

Kisha nikafanya kazi kwa promota mpole kupindukia. Kila mtu alikuwa “mwanangu”. Tiketi zilisema saa mbili usiku, nyota akapanda saa nane. Promota akazunguka ukumbini akiomba radhi, mkono kifuani. Pasipoti za wanenguaji alishika yeye. Alisema hataki yamkute ya mwanamuziki Papa Wemba, aliyetiwa hatiani na mahakama ya Bobigny mwaka 2004 kwa kuingiza watu Ulaya kwa jina la bendi. Malipo yalikuwa kesho. Kesho yake alikuwa Paris na simu imezimwa, wasichana wakalala sebuleni kwa watu.

Julai 2016 video ilimwonyesha mwanamuziki Koffi Olomide akimrushia teke mnenguaji wake katika uwanja wa ndege wa Nairobi, na Kenya ikamfukuza. Saluni za Matonge hazikuzungumza jingine. Sisi wa nyuma ya jukwaa tulishangaa kitu kimoja tu: kwamba safari hii kulikuwa na kamera.

Mmoja wa wasichana wale wa promota, sasa msusi, alikuwa akimsuka mteja.

“Teke lile ningelipokea,” akaniambia, “kama ningerudishiwa pasipoti siku ile ile.”

“Usiseme hivyo, dada.”

“Wewe, mkubwa wangu, ulikuwa na karatasi.”

Mteja akamuuliza kama ataacha kusikiliza nyimbo za Koffi.

“Nyimbo zina kosa gani?” akajibu, akaomba apewe kitana.