Picha ya Tatu

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ambako mtu akitaka kutazama mbali huenda ufukoni. Mwezi wa Februari 2025 mjomba wangu alihamishiwa Kasese, magharibi ya Uganda, nami nikaja pamoja naye, nikapokelewa katika shule hii. Siku ya kuagana mama aliniambia, "Mwanangu, mgeni njoo, mwenyeji apone. Usiende kuwa mzigo kwa watu." Nikamwahidi kumpelekea picha ya theluji ya Ruwenzori kabla ya mwaka kwisha.

Ahadi hiyo ilinishinda. Kila asubuhi niliutazama mlima, na kila asubuhi niliona mawingu. Theluji niliiona kitabuni tu, katika picha alizopiga Mtaliani Vittorio Sella mwaka 1906, alipofuatana na Mtawala wa Abruzzi kupanda vilele vile. Mwalimu wetu alitueleza kuwa tangu siku hizo barafu nyingi imeyeyuka, na kwamba milima ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia haina barafu tena. Picha za Sella zimekuwa ushahidi wa vitu visivyokuwapo.

Basi Jumamosi moja ya Oktoba, wakati wa mvua za vuli, chama chetu cha picha kilifanya safari. Tulikuwa vijana kumi na wanne na walimu wawili. Kamera ilikuwa moja, na betri yake imechakaa. Kwa hiyo kila mwanachama aliruhusiwa kupiga picha tatu tu. Kiongozi wetu wa njia alikuwa mwanafunzi wa darasa langu, Mkonjo wa Kilembe. Yeye hakuwa mwanachama, wala hakuwa na picha hata moja katika hesabu ile.

Lori lilituacha Kilembe, palipochimbwa shaba tangu 1956 hata miaka ya mwanzo ya 1980. Tukafuata mto Nyamwamba kwa miguu. Mahali pamoja rafiki yangu alisimama kando ya mawe makubwa, mengine yamepita kimo cha mtu. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha mpakani, "Ndugu, hapa ndipo palikuwa kwetu. Unipigie picha moja."

Nilitazama, nikaona mawe na majani. Nikamjibu, "Ngoja kwanza. Zangu nimeziweka kwa ajili ya theluji." Hakusema neno. Alitangulia, nasi tukamfuata.

Njia ilipanda katikati ya migomba na mibuni, mikali kama ngazi. Mimi mtu wa pwani nilihema kama mvukuto, huku akina mama wenye mizigo kichwani wakitupita na kutusalimu bila kupumzika. Yapata saa sita tulifika juu ya mgongo wa kilima. Nyuma yetu uwanda wa Kasese ulikuwa mweupe kwa jua. Mbele yetu mawingu yalikuwa yamefunga kila kitu. Tulingoja saa mbili. Kila wingu liliposogea nilidhani limefunguka, na kwa pupa yangu nikapiga picha mbili za ukungu mtupu.

Tukiwa tumekaa hapo, nilimwuliza rafiki yangu habari za yale mawe. Akanieleza kuwa mto ulifurika Mei 2013, ukawatisha. Ukafurika tena Mei 2020, ukaichukua nyumba yao usiku. Watu wote wa nyumbani waliokoka. Vitu havikuokoka, na miongoni mwake sanduku la babu yake lililokuwa na picha zote za jamaa. "Babu alikufa mwaka uliofuata," akasema. "Sasa wadogo zangu wananiuliza nyumba ilikuwa wapi, nami sina cha kuwaonyesha."

Niliona haya, hata nikashindwa kumtazama usoni.

Tulishuka chini ya mvua. Tulipofika kwenye mawe nilimwomba mwalimu kamera, nikamwambia rafiki yangu asimame pale anapopajua. Alipiga hatua chache, akapima kwa macho kati ya mto na mwembe mmoja uliosalia, kisha akasimama. "Mlango ulikuwa hapa," akasema. Nikapiga picha ya tatu. Betri ikazima papo hapo.

Picha ile si nzuri. Ina giza, na tone la mvua limeharibu pembe moja. Lakini nyuma yake tuliandika tarehe, jina la mto na mahali palipokuwa mlango, na wadogo zake wanayo. Mama nilimwandikia kwamba theluji sijaiona, nikamweleza sababu ya kumpelekea ukungu. Alinijibu kwamba ukungu umemfurahisha, ila aliniuliza kwa nini mwenyeji alilazimika kuomba mara mbili. Swali hilo sijalijibu hata leo.

Nanyi mliotutangulia katika shule hii, najua baadhi yenu mlikulia Kilembe au mlipita huko kabla ya 2013. Tafuteni katika masanduku yenu. Mkipata picha yoyote ya bonde lile, hata iliyochakaa, tunaomba mwilete shuleni ipate kunakiliwa. Huenda nyuma ya mtu aliyesimama mbele ya kamera pakaonekana mlango wa nyumba ya mtu mwingine.