Sanduku la chai lilivyoniumbua Unguja

Msomaji wangu, sikufichi: nilishuka boti Malindi na dharau zangu mfukoni. Mpwa wangu alikuwa anaolewa Ng'ambo, na dada kanituma mjomba mtu nitafute muziki. Nikasema mimi nataka taarabu ya kukaa kitini, siyo zile kelele za uchochoroni.

Nikaupasua Mji Mkongwe kwa miguu hadi Vuga, kwa Culture Musical Club. Hawa si watoto wa jana bwana! Walianza mwaka 1958, wakati Ikhwani Safaa wanatamba tangu 1905. Culture wakajaza jukwaa: fidla, udi, ganuni, akodiani na dumbak. Utasikia Misri, mara India, mara rumba, na Kiswahili kimekaa juu kama mfalme.

Barazani nikamkuta mzee mmoja na fidla yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo taarabu uitakayo ina ndugu yake. Njoo Ng'ambo jioni."

Nikaenda. Lahaula! Mzee yuleyule, fidla ileile, lakini safari hii pembeni kuna vidumbak viwili vya udongo, cherewa, na sanduku la chai lililochomekwa fimbo na kamba. Ndiyo besi hiyo! Wakaanza na nyimbo za taarabu, mapigo yakakaza, yakageuka ngoma kabisa. Akina mama hawakubaki kitini hata mmoja.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wanamuziki walewale huvaa suti jukwaani, kesho wakapiga sanduku uani. Makame Faki, mwimbaji wa Culture, alitoa albamu ya Kidumbak Kibene! Na Bi Kidude, aliyetutoka 2013, aliimba taarabu na kupiga ngoma ya unyago bila kuona haya. Ngoma ya uani ndiyo iliyoipa taarabu ya huku miguu ya kutembelea.

Usiku nikamwambia dada nimepata kidumbak. Akanyamaza. Kisha akasema taratibu:

"Harusini kwangu ulikikataa wewe. Ukasema cha kihuni. Kaka, mie sijasahau."

Miaka ishirini na mbili kakaa nacho moyoni! Nikaishiwa maneno, nikamwomba radhi.

Siku ya harusi fimbo ya sanduku ilipovutwa, dada alinishika mkono akanitia uwanjani. Kiuno changu hakijui kitu, msomaji, lakini nilicheza mpaka shati likalowa.