Vita Ikiisha, Inahamia Chumbani

Riwaya nyingi za mapenzi wakati wa vita zinafanana, na wewe msomaji unazijua: kijana anaitwa jeshini, binti analia kituoni, barua zinachelewa, halafu ama anarudi wanaoana, ama harudi. Tunafuta machozi, tunafunga kitabu, tunalala. Nilikuwa shabiki mkubwa wa hadithi hizo hadi nilipoolewa Kyela.

Baba mkwe alikwenda vita vya Kagera mwaka 1978 akiwa mgambo. Alirudi mzima. Ndivyo nyumbani wanavyosema, alirudi mzima. Ila hakai akaupa mlango mgongo, na mkesha wa mwaka mpya fataki zikianza anachukua tochi, anapotelea kwenye mikakao hadi kelele ziishe. Hakuna anayemuuliza. Mimi ndiyo kabisa. Kwa mila ya Kinyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe walikuwa wakikwepana hata njiani, na mpaka leo hatukai tukapiga soga.

Na mume wangu? Tukigombana haongei. Saa nne usiku anatoka kuosha gari. Jamani, gari letu linang'aa!

Desemba tulipokwenda kupumzika Matema nilibeba Afterlives, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2020, mwaka mmoja kabla hajapata Tuzo ya Nobel. Hamza ni kijana anayejiunga na askari wa Mjerumani, akarudi anachechemea na majinamizi ya usiku juu yake. Anampenda Afiya. Sasa angalia anavyomtongoza: anamwandikia mistari michache ya mshairi Schiller aliyoigeuza Kiswahili. Kijerumani hicho alifundishwa na ofisa aliyemtumikisha. Yaani maneno yake matamu kuliko yote kayaokota kambini. Ningekuwa mimi, ningekubali siku ile ile.

Lakini Gurnah haishii harusini. Ilyas, kaka yake Afiya, alikwenda vitani na hakurudi. Mtoto wao wanampa jina hilo hilo, na akikua anaanza kusikia sauti ya mwanamke ikimuulizia Ilyas. Mtoto ambaye vita ile hata haikumkuta! Hapo niliweka kitabu chini nikamtazama mume wangu, aliyekuwa akila zake samaki bila habari.

Na vita ile ilipita ziwa hili hili. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, kusini zaidi, panapoitwa Liuli leo. Manahodha wao, Rhoades na Berndt, walikuwa marafiki wa glasi. Berndt hakujua kwamba vita imetangazwa. Akapanda kamtumbwi kwenda kumfokea mwenzake, kwani kalewa? Akachukuliwa mateka. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na hata mimi hucheka.

Ila Septemba mwaka huo Wajerumani walivuka Songwe kwenda kupigana Karonga. Aliyefika Kasumulu anajua kuwa mto ule hautenganishi watu: Wanyakyusa huku, Wangonde kule, lugha karibu moja, wakwe na binamu kingo zote mbili. Waliobebeshwa mizigo na kuchukuliwa vyakula ni wao. Mimi ningenunua kesho riwaya ya mashemeji wawili wanaokutana tena mwaka 1918, kila mmoja kabeba risasi za upande wake, wanakaa kwenye mkeka mmoja kujadili mahari. Wanaanzaje kusalimiana? Hilo linanivutia kuliko mizinga.

Jioni nilimhadithia mume wangu kuhusu Hamza, anavyopiga kelele usingizini na Afiya yuko pembeni. Sikumtaja baba. Alinyamaza, akawa anachora mchangani kwa kidole. Niliogopa, kwa kweli, maana kimya chake kikianza huwa hakina tarehe ya kuisha.

Wiki mbili baadaye, tukiwa Dar, alimpigia baba simu. Nilikuwa jikoni. Kwa muda mrefu nilisikia "ndiyo, baba" tu. Alipokuja alikaa mezani, akanitajia majina mawili ya vijana waliokwenda Kagera na baba yake, mmoja wa Ipinda. Miaka yote hiyo hakuwahi kuyasikia nyumbani kwao. Kisha akaniuliza kile kitabu nimekiweka wapi.